Sitara ya Mpokeaji

BARAZANI
Na Yobu Mogaka

Sabato moja mwaka uliopita, katika kanisa moja la vilimani Nyamira, nilimwona omong'ina, mama mzee aliyefikia umri wa nyanya yangu, akiitwa mbele ya hadhara kupokea pakiti mbili za unga wa mahindi, kilo ya sukari na mche wa sabuni. Na kabla mkono wake haujaufikia mfuko, kijana mwenye simu alimwomba asimame vizuri na atazame mbele, kisha mfadhili naye akaushika mfuko ule upande wa pili, wakakaa hivyo, wote wawili wameushika, hata picha tatu zikapigwa. Omong'ina aliinua ncha ya leso akajifunika mdomo. Nilipomzuru wiki chache baadaye, aliniambia pasipo ghadhabu: "Mwanangu, unga ule tuliumaliza kwa siku nne. Picha yangu ingali inazunguka. Mjukuu wangu ameonyeshwa shuleni."

Maneno hayo hayajanitoka moyoni. Najua kwamba katika hotuba ile ile ya mlimani Bwana aliagiza taa isifunikwe kwa pishi, na haukupita muda akaagiza sadaka itolewe kwa siri hata mkono wa kushoto usipate habari. Na kila mhubiri huchukua agizo linalomfaa Jumapili au Jumamosi hiyo. Mimi naona maagizo haya hayagombani. Nuru ile ni amali yenyewe, si uso wa fukara aliyesimamishwa ili nuru imwangukie mtoaji.

Tazama habari ya Maurice Otunga, askofu wa kwanza wa Jimbo la Kisii, aliyetumikia watu wetu tangu mwaka 1960 hadi 1969, na mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kufanywa kardinali. Alikuwa mwana wa chifu Sudi Namachanja, mtu wa jaha na mali nyingi, lakini alipostaafu mwaka 1997 alichagua kuishi katika Nyumba ya Wazee jijini Nairobi, miongoni mwa wakongwe wasio na kitu. Alifariki mwaka 2003, na Kanisa lilipoanza kuchunguza maisha yake ili apate kutangazwa mwenyeheri, likaita mashahidi, kwa kuwa ndiyo kanuni ya jambo hilo: mtu hajishuhudii mwenyewe, bali hushuhudiwa na waliomjua na waliofaidika naye. Hapo naona hukumu ya suala letu. Habari ya hisani ni milki ya aliyeipokea. Akitaka ataisimulia, asipotaka itazikwa naye, wala mtoaji hana haki ya kumtangulia.

Wapo wenye hoja nzito. Ndugu zetu walioko Minnesota, Marekani, wanaotuma fedha kila mwezi kwa ajili ya yatima na wagonjwa, wamekwisha kudhulumiwa si mara moja, nao wanadai ushahidi. Wana haki. Basi na wapelekewe stakabadhi ya duka na picha ya magunia au ya mabati yakiwa juu ya paa, na mweka hazina asome hesabu kanisani, shilingi kwa shilingi. Fedha zianikwe, mtu asitiriwe. Sisi tumegeuza: hesabu tunazifungia kabatini na maskini tunamweka mbele ya kipaza sauti. Hata harambee zetu zimepatwa na riya hii, na ndiyo sababu nilifurahi, Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipokataa fedha zilizotolewa na Rais katika parokia ya Soweto, ili madhabahu isiwe jukwaa la siasa.

Wazee wetu walikuwa na risaga, kazi ya ujirani, ambapo leo wote hupalilia wimbi la huyu na kesho la yule. Na kwa kuwa zamu ilizunguka, hapakuwa na mfadhili wala mfadhiliwa, wala mtu hakutahayari kwa kusaidiwa.

Mabaki yake nimeyaona kwa omong'ina yuleyule. Jirani humpitishia ndizi juu ya ua magharibi inapoingia, katika kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Asubuhi kikapu hurudi kwa njia ileile, na ndani yake mna chinsaga, mboga ya mgagani.