Mafumbo mia tatu bila ajira

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

UKURASA huu umezoea kutoa taarifa za kahawa, korosho, ufuta na mwenendo wa shilingi mbele ya dola. Wiki hii nawaomba radhi wenye magunia yao ghalani, kwani ipo bidhaa nyingine iliyojaa sokoni, wenye nayo wanahangaika, na hakuna anayeitangaza bei yake. Bidhaa hiyo ni ujuzi wa kuandika programu za kompyuta.

Sababu ya kuigusa ni ya nyumbani. Mdogo wangu alimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta, akahamia kwangu Tabata, na kwa miezi sita iliyofuata hakufanya jingine ila kufumbua mafumbo ya programu kwenye LeetCode na Codeforces. Saa nne kila siku, siku sita kwa wiki. Mwishowe alikuwa amefumbua zaidi ya 300. Akaitwa kwenye usaili na kampuni moja ya hapa mjini inayotengeneza mifumo ya malipo. Hakuulizwa fumbo hata moja. Aliulizwa hivi: "Mdogo wangu, mteja amebonyeza kulipa, mtandao ukakatika, akabonyeza tena. Utahakikishaje hakatwi fedha mara mbili?"

Alirudi jioni akaniambia, "Kaka, nilikaa kimya." Kazi akapewa mwingine.

Mimi nilisomea biashara, kompyuta naitumia tu. Lakini hesabu ya mtaji naijua. Saa nne mara siku sita mara wiki 26 ni saa 624. Vifurushi vya intaneti vya shilingi 10,000 kwa wiki ni shilingi 260,000, ukiacha umeme na chakula. Huo ni uwekezaji kama ulivyo wa mkulima anayenunua mbolea. Na mwekezaji yeyote, kabla hajatoa fedha, hujiuliza: bidhaa hii itauzwa soko gani, na mnunuzi wake anapima nini?

Fumbo lenyewe

Kwa msomaji asiyeyajua mafumbo haya, tuchukue mfano wa Kariakoo. Mwenye duka la jumla ana ankara 10,000. Anaambiwa kwamba zimo ankara mbili ambazo jumla yake ni shilingi 1,750,000 kamili, azitafute. Asiye na mazoezi ataiamuru kompyuta ichukue ankara ya kwanza, iijumlishe na kila moja iliyobaki, kisha ya pili, kisha ya tatu, hadi mwisho. Hizo ni hesabu karibu milioni 50.

Mwenye mazoezi atafungua daftari. Kila anaposoma ankara anajiuliza ni kiasi gani kinachopungua ili ifike 1,750,000. Kama kiasi hicho kimo daftarini, kazi imekwisha. Kama hakimo, anaiandika ankara hiyo na kusonga mbele. Hata ikiwa bahati yake ni mbaya kabisa, atapita ankara zote 10,000 mara moja tu. Fumbo la namna hiyo, la namba mbili na jumla yake, ndilo la kwanza katika orodha ya LeetCode.

Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba mafumbo ni mchezo wa watoto. Mfumo wa duka au wa benki unaokwenda vizuri tarehe 5 na kusimama tarehe 30, wateja wanapokuwa wengi, mara nyingi umeandikwa na mtu wa hesabu milioni 50. Anayelipa gharama ya uandishi huo ni mteja aliyesimama kwenye foleni.

Chekeche la wakubwa

Mashindano ya mafumbo hayakuanza jana. Yale ya vyuo vikuu yanayojulikana kama ICPC yana mizizi yake Texas, Marekani, mwaka 1970. Timu ni ya wanafunzi watatu wanaotumia kompyuta moja kwa saa tano. Afrika nayo imo: fainali za dunia zilifanyika Luxor, Misri, Aprili 2024.

Kampuni kubwa za Marekani ziliyachukua mafumbo ya aina hii zikayafanya kipimo cha usaili. Sababu yake ni ya kibiashara. Waombaji ni wengi mno, vyeti vyao vimetoka vyuo visivyofanana, na fumbo ni kipimo cha bei nafuu ambacho kompyuta yenyewe inaweza kukisahihisha. Ukazuka uchumi mzima wa kujiandaa: vitabu, kama kile cha Gayle Laakmann McDowell kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2008, masomo ya kulipia, na vikundi vya mazoezi.

Wasomaji wa ukurasa huu wanalijua chekeche. Kahawa ya arabika ikishakobolewa hupitishwa kwenye chekeche. Punje kubwa hupewa daraja la AA, zinazofuata A, kisha B, na punje ya duara huitwa PB. Chekeche hupima ukubwa wa punje. Ladha hupimwa na muonjaji, kikombeni. Mnunuzi makini wa mnada wa Moshi hatoi bei kwa kutazama chekeche peke yake.

Katika soko la waandika programu wapo wanunuzi waliolisahau kikombe. Mwaka 2015 Max Howell, mwandishi wa programu ya Homebrew ambayo wahandisi wengi hutumia kila siku kwenye kompyuta za Apple, alieleza hadharani kwamba Google ilimkataa baada ya kushindwa kufumbua fumbo moja ubaoni. Tena, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State pamoja na Microsoft walichapisha jaribio lao: wanafunzi waliofumbua mbele ya msimamizi walipata chini ya nusu ya mafanikio ya wenzao waliofumbua fumbo hilo hilo peke yao chumbani. Chekeche hilo, basi, linapima pia ni nani asiyetetemeka akitazamwa.

Hali ya soko

Tuje kwenye mahitaji na ugavi. Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000. Januari 2023 zikafuata Google kwa 12,000, Microsoft kwa 10,000 na Amazon kwa 18,000. Si wote waliokuwa waandika programu, lakini wengi miongoni mwao waliingia soko lile lile la kazi za mbali ambalo kijana wa Tabata analipigia hesabu, nao wana uzoefu wa miaka kumi.

Karibu na kwetu dalili zilionekana mapema zaidi. Andela, kampuni iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 kwa lengo la kuwafundisha vijana wa Afrika na kuwaunganisha na waajiri wa nje, ilitangaza Septemba 2019 kuwaondoa wataalamu chipukizi wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya. Maelezo yake yalikuwa wazi: wateja walitaka wenye uzoefu, na chipukizi walikuwa wamezidi mahitaji. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo hiyo ilipata mtaji wa dola milioni 200. Kwa hiyo biashara haikufa. Kilichoshuka ni bei ya daraja la chini.

Microsoft nayo ilifungua vituo vyake vya utengenezaji programu Nairobi na Lagos mwaka 2019. Kile cha Lagos kilifungwa mwaka 2024. Google ilitangaza kituo chake Nairobi mwaka 2022. Milango hiyo ya Nairobi ni ya kweli na mafumbo ndiyo ufunguo wake. Lakini ni milango michache, na wanaoigombea wanatoka bara zima.

Mashine imeingia mnadani

Lipo jambo jingine lililotibua soko. Mwaka 2022 programu ya AlphaCode ya DeepMind ilijaribiwa kwenye mafumbo ya Codeforces ikafanya kama mshindani wa kati. Septemba 2025, kwenye fainali za ICPC huko Baku, Azerbaijan, yalitolewa mafumbo 12 kwa timu 139. Timu bora ya binadamu ilifumbua 11. Akili mnemba ya OpenAI, ikipewa mafumbo hayo hayo, ilifumbua yote 12, na ile ya Google 10.

Kipimo kilichokuwa rahisi kutumia kwa mbali sasa ni rahisi kughushiwa kwa mbali. Mwajiri aliyeko Ulaya hana hakika kama aliyefumbua ni kijana au mashine iliyo pembeni yake. Mwaka 2025 mkuu wa Google, Sundar Pichai, alisema kampuni yake inarudisha angalau hatua moja ya usaili wa ana kwa ana.

Kwa mtu wa California hilo ni safari ya nusu siku. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni viza, nauli na hoteli, au ni kuachwa kabisa. Jambo hili halijajadiliwa vya kutosha hapa kwetu. Vijana wetu wanaendelea kujaza ghala kwa ajili ya mnunuzi ambaye ameanza kudai kuja kuionja bidhaa kwa mdomo wake, na hana mpango wa kupanda ndege kuja Dar.

Tusitupe chekeche

Wapo watakaosema mafumbo yaachwe. Sikubaliani nao, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, mashine ikiandika programu, lazima awepo mtu wa kuitazama na kusema hii ni ya hesabu milioni 50, iandikwe upya. Mtu huyo hazaliwi nao ujuzi huo, huupata kwa mazoezi.

Pili, fumbo lina haki ambayo soko letu la ajira halina. Tunalijua tatizo la undugunaizesheni. Codeforces haimuulizi kijana jina la baba yake, kabila lake wala mjomba wake yuko wizara gani. Jibu ni sahihi au si sahihi. Kijana wa Sumbawanga mwenye simu na kifurushi anapimwa kwa mizani ile ile anayopimiwa wa Moscow. Tukiivunja mizani hiyo bila kuweka nyingine, watakaofurahi ni wenye wajomba.

Kosa la mdogo wangu, ambalo nami nililigharimia, lilikuwa kuweka mtaji wote katika soko moja. Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008 na serikali ilipoanzisha mfumo wa malipo wa GePG mwaka 2017, kazi kubwa ya waandika programu hapa kwetu ni kuunganisha mifumo: malipo, stoo, ankara, mishahara. Mnunuzi wa ndani anataka mtu anayejua kinachotokea mtandao unapokatika katikati ya muamala. Hilo halimo kwenye mafumbo, kwa sababu katika fumbo mtandao haukatiki.

Ushauri wa wiki

Kwa wahitimu: gaweni saa zenu. Katika saa nne, moja iende kwenye mafumbo kila siku bila kukosa. Tatu ziende kwenye kazi yenye mwenyewe, hata kama ni daftari la mauzo la duka la mtaa. Mtajifunza mambo ambayo mwenye duka atawagombeza mkiyakosea. Na kabla ya usaili, ulizeni mnapimwa kwa nini. Kuuliza bei si kununua.

Kwa waajiri: tangazo la kazi liseme kipimo. Anayetaka mafumbo aseme mafumbo, anayetaka uzoefu wa malipo aseme hivyo. Kumpa msailiwa kazi ndogo ya siku moja, kwa posho, ofisini, akitumia vyombo vile vile atakavyovitumia akiajiriwa, kutawagharimu chini ya hasara ya kuajiri mtu asiyefaa.

Kwa vyuo: mashindano yaendelee, tena ya kila wiki. Lakini mafunzo kwa vitendo yasiwe ya kutumwa chai na kutoa fotokopi. Mwanafunzi arudi na mfumo alioushika kwa mikono yake, aueleze ulipoharibikia na alivyoutengeneza.

Mdogo wangu sasa analijua jibu la swali lile. Alinieleza mezani wiki iliyopita, huku tukila: kila ombi la malipo hupewa namba yake ya kumbukumbu kabla halijatumwa, likija la pili lenye namba ile ile, mfumo haukati tena, unarudisha jibu la kwanza. Aliligundua kwa kumtengenezea mfumo mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani, ambaye amemlipa kidogo na kumlalamikia sana. Ajira bado hajapata. Fumbo moja kila asubuhi bado analifumbua.

Muhtasari wa soko kwa wiki hii, basi, ni huu: ugavi wa chipukizi ni mkubwa na mahitaji yake ni hafifu, mahitaji ya waliowahi kuuguza mfumo ulio hai ni imara. Wenye saa 624 mkononi wasome ubao huu kabla ya kupakia mzigo.