Kiingereza Chetu: Ulimi Unasema, Sikio Linahukumu

Mwaka 2025 kampuni ya Teleperformance ya Ufaransa, ambayo kazi yake ni kupokea simu za wateja wa makampuni mengine duniani, ilianza kutumia programu ya akili bandia ya Sanas kulainisha lafudhi ya wafanyakazi wake wa India. Mfanyakazi anazungumza Kiingereza chake cha kwao, na papo hapo mteja wa ng'ambo anasikia Kiingereza kilichopigwa pasi. Hoja yao ni kuwa mteja ataridhika na simu zitakwisha upesi.

Ukitazama juu juu, ni biashara tu. Lakini sisi wenye watoto wanaotafuta kazi London, Dubai na Toronto hatuna budi kuuliza: kwa nini anayetengenezwa ni msemaji peke yake? Utafiti wa zaidi ya miaka 30 unaonesha kuwa sehemu ya shida hii iko kwenye sikio.

Hebu tuanze na Georgia, Marekani. Mwaka 1992 Donald Rubin alichapisha matokeo ya jaribio lake kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wote walisikiliza muhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya Mmarekani mzaliwa wa lugha hiyo. Wengine walioneshwa picha ya mwanamke wa Kizungu, wengine picha ya mwanamke wa Kiasia. Waliooneshwa sura ya Kiasia walisema mwalimu ana lafudhi ya kigeni, na walipotahiniwa walikuwa wamefahamu kidogo zaidi. Sauti ni ile ile! Macho ndiyo yaliyoziba masikio.

Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaja na jambo jengine. Waliwasikilizisha watu sentensi fupi, kama vile ati twiga huvumilia kiu kuliko ngamia, kisha wakawauliza ni kweli au si kweli. Sentensi zilizosemwa kwa lafudhi ya kigeni ziliaminiwa kidogo, ijapokuwa wasikilizaji waliambiwa kuwa msemaji anasoma tu maneno aliyopewa. Maelezo yao ni kwamba sikio likitumia nguvu kufahamu, akili huichukulia taabu hiyo kuwa dalili ya uwongo. Basi fikiria kijana wetu mbele ya watu wa intavyuu, au mama anayemweleza daktari maumivu yake.

Pana tafauti kubwa baina ya kuwa na lafudhi na kutoeleweka. Huko Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing walionesha mwaka 1995 kuwa msikilizaji anaweza kusema mtu ana lafudhi nzito sana, na huku akayaandika maneno yake yote bila ya kukosea hata moja.

Sheria nazo zinajaribu kulishika jambo hili. Hawaii, Mfilipino mmoja, Fragante, alishika nambari ya kwanza katika mtihani wa kazi ya ukarani serikalini, akanyimwa kazi kwa sababu ya matamshi yake. Mwaka 1989 mahkama ya rufaa ilimshinda, kwa hoja kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya kuzungumza na watu. Uingereza, Sheria ya Uhamiaji ya 2016 inataka mtumishi wa umma anayehudumia watu azungumze Kiingereza kwa ufasaha, lakini mwongozo wake unasema wazi kuwa ufasaha huo hauhusu lafudhi. Mtoto wenu anayefanya kazi baraza la mji au hospitali huko alijue hilo.

Sisi tunayajua haya pande zote mbili. Wengi waliorudi Oman kutoka Unguja na Bara baada ya 1970 walipata kazi maofisini kwa Kiingereza chao cha skuli, huku Kiarabu chao kikichekwa. Wakifungua mdomo tu, "Huyu Zinjibari", maneno yamekwisha.

Na sisi nasi tunawacheka wanaochanganya "r" na "l". Muuguzi wa Kerala akitueleza dawa ya sukari, hata sentensi hajaimaliza, tushamgeukia mtoto: "Anasema nini huyu?" Amesoma, anaijua kazi yake, na tukimpuuza atakayekosea dawa ni sisi.

Habari njema ni kuwa sikio hufundishika. Utafiti wa Clarke na Garrett, Marekani, 2004, ulionesha kuwa msikilizaji anayechelewa kufahamu lafudhi ngeni huanza kuizoea ndani ya dakika moja tu. Dakika moja ya subira! Mimi nilisomeshwa skuli ya misheni na walimu wa nchi mbalimbali, kila mmoja na lafudhi ya kwao, na mitihani tulifaulu.

Hii haina maana vijana wasijifunze kutamka. Niliyoyaona darasani miaka mingi ni kwamba kinachotuangusha zaidi ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi nasi tunasema "developMENT" au "deveLOPment", na Mngereza anangojea "deVELopment". La pili, tunatia irabu mwisho wa neno. La tatu, waliokulia kwenye Kiarabu hugeuza "p" ikawa "b", na "parking" ikawa kubweka kwa mbwa. Haya yarekebishwe, na mtu aseme taratibu. Kuiga pua ya Mmarekani hakuna haja.

Nyumbani tuanze na moja. Mama akipiga simu kwa daktari au benki, mtoto asimnyang'anye simu kwa kuona haya. Amuache aseme. Akikwama kweli, hapo ndipo amsaidie.