Mtamba Peke Yake Hatoshi

Kwa wakulima wadogo wa Unguja na Pemba, ni michache miradi inayopokewa kwa furaha kama ule wa kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe. Mkulima hupewa mtamba wa maziwa; ndama jike wa kwanza humkabidhi jirani yake, na neema ikasambaa kijijini. Tunauunga mkono mpango huo kwa moyo wote.

Wala hakuna awezaye kudai tena kwamba visiwa vyetu havifai kwa ufugaji huo. Mbung'o wa mwisho wa Unguja alinaswa mwaka 1996, baada ya madume waliofanywa tasa kwa mionzi huko Tanga kumwagwa kwa ndege kisiwani.

Hata hivyo kupe yungalipo, na ndigana kali humwua ng'ombe chotara upesi kuliko ng'ombe wetu wa asili. Chotara hutoa maziwa mengi zaidi, lakini ana mahitaji yake. Anapokamuliwa, aweza kunywa ndoo tatu za maji kwa siku. Katika vijiji vya maweni, maji hayo yatabebwa na nani, kama si mama yule yule tuliyekusudia kumsaidia? Majani yatakatwa wapi wakati wa kiangazi? Na maziwa ya jioni atauziwa nani, ikiwa joto litayaharibu kabla ya gari la asubuhi?

Ng'ombe huyo akifa, nyumba mbili hupata hasara: ya mfugaji aliyetegemea maziwa kuwasomesha watoto, na ya jirani aliyekuwa akingojea ndama.

Kwa hiyo twaiomba Serikali ifuate utaratibu. Kwanza yapatikane maji na shamba la majani ya tembo. Pili, bwana mifugo mwenye dawa na chombo cha usafiri. Tatu, kituo cha kukusanyia na kupozea maziwa. Hapo ndipo mtamba aletwe.

Wafugaji nao wana wajibu. Waungane katika ushirika, wakamue kwa usafi, na wasitie maji katika maziwa. Mnunuzi wa hoteli akidanganywa mara moja, atarudia maziwa ya boksi kutoka nje, na hakuna amri ya Serikali itakayomrejesha.

Maji tumekwisha kuyavulia nguo. Hatuna budi kuyaoga, viongozi na wananchi pamoja.