Bwana Harusi Wako Atavaa Silk au Satin?



Leo tuna jambo linalotukera sisi mafundi cherehani, na kwa kuwa sisi wenyewe tumo ndani ya kosa, tutajisema pia.

Msimu wa harusi uliopita alitujia biharusi na kitambaa cha rangi ya maziwa, kinang'aa mashaallah. Alikinunua mjini kwa pesa nyingi. Alitaka tumshonee gauni, na kitakachobaki tumshonee bwana harusi kizibao wafanane. Risiti imeandikwa "silk". Bwana harusi alipoiona akakataa katakata: hariri ni haramu kwa mwanamme, havai. Biharusi akalia, mama mkwe akanuna, na harusi imebaki wiki moja.

Tulichomoa nyuzi chache ukingoni tukaziwasha. Zikayeyuka, zikanuka plastiki, zikaacha kijishanga cheusi kigumu. Poliesta tupu. Shehe alipoulizwa akasema katazo ni la hariri inayotokana na mdudu, basi kizibao kikavaliwa, alhamdulillah. Lakini yule dada alikwishalipa bei ya hariri kwa kitu kisicho hariri, na aliyemuuzia hakurudisha hata shilingi.

Tatizo lote lilikuwa neno moja la Kiingereza. Tuyaangalie maneno haya vizuri, maana yanafanana na kila siku tunayachanganya.

"Silk" ni jina la uzi. Ni hariri yenyewe, anayoitengeneza kiwavi anayelishwa majani ya mforosadi. "Satin" ni jina la ufumaji. Uzi unapitishwa juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama chini, ndiyo maana upande wa juu unang'aa na kuteleza, na wa nyuma umefifia. Satin inaweza kufumwa kwa hariri, kwa poliesta au kwa nailoni. Kwa hiyo ukiambiwa "satin" bado hujaambiwa umenunua nini.

Ikiandikwa "silk satin", maana yake ni satin iliyofumwa kwa hariri. Ikiandikwa "silky satin", maana yake ni satin inayofanana na hariri tu. Tofauti ni herufi moja, na herufi hiyo imewatoa watu pesa nyingi! Halafu ipo "sateen", ambayo kwa kawaida ni pamba iliyofumwa ing'ae. Mtaikuta kwenye mashuka ya biharusi. Na mkiona "art silk" kwenye sari na vitambaa vya Kihindi, msidhani "art" hapo ni sanaa. Ni kifupi cha "artificial", yaani hariri ya bandia.

Sasa tujiseme. Kwa muda mrefu na sisi tulikuwa tukiweka picha za magauni yetu mtandaoni tukiandika "silk", ilhali tunajua ni satin ya poliesta. Tulijiambia kila mtu anaandika hivyo, na mteja mwenyewe anaita kila kinachong'aa hariri. Baada ya machozi ya yule dada tulikaa tukajiuliza: Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, je, anayepunja kwa jina ana tofauti gani? Mwenye mizani huiba gramu. Sisi tulikuwa tunaiba kwa neno. Tukafuta matangazo yote, tukaandika upya: satin ya poliesta. Wateja wawili watatu walituhama, lakini riziki anagawa Mwenyezi Mungu.

Wapo watakaosema, biharusi anataka kupendeza siku yake, jina la kitambaa lina ubaya gani? Tunajibu hivi. Satin haina aibu yoyote. Ni nzuri, inaanguka vizuri mwilini, na mwenye kipato kidogo anang'aa kama wengine. Ubaya ni kuilipia kwa jina lisilo lake. Na kwetu Waislamu jina hili limebeba hukumu pia. Mtume (S.A.W.) aliwahalalishia wanawake hariri na akawaharamishia wanaume. Muuzaji anayeandika "silk" ovyo anaweza kumzuilia bwana harusi kilicho halali, na anayeandika "satin" juu ya hariri halisi anaweza kumvisha kilicho haramu bila kujua. Zipo ruhusa kwa wenye udhuru na kwa pambo dogo. Hayo waulizeni masheikh, si mafundi.

Basi dada, ukienda Darajani au ukiagiza mtandaoni, uliza maswali mawili: uzi wake ni wa nini, na umefumwaje? Akijibu "silk" tu, mwambie akuandikie kwenye risiti "hariri asilimia 100". Mwenye haki hatasita. Ukiwa na shaka omba kipande kidogo, chomoa uzi wa wima na wa kulala, kwa sababu vitambaa vingine ni mchanganyiko, kisha uwashe juu ya beseni la maji ukiwa umeushika kwa koleo. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi. Poliesta huyeyuka.

Na nyinyi wenzetu wa biashara, tuandikeni ukweli. Biharusi anahifadhi gauni lake miaka, na siku akigundua alidanganywa, atakukumbuka kila akilifungua sanduku.

Mwenyezi Mungu awape mabiharusi wetu ndoa za kheri na baraka. Amin.