Basi la Shule Lageuzwa Nyumba

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Mwezi huu tuyaache mahindi kidogo. Nimepata barua kutoka kwa kikundi cha wakulima wa mpunga. Mashamba yao yako mbali na kijiji. Wakati wa mavuno hulala huko wiki nyingi. Wamesikia ya kwamba Marekani kuna watu wanaoishi ndani ya mabasi ya shule yaliyozeeka. Wao nao wamempata mtu mwenye basi kuukuu la kuuza. Wanauliza: Je, habari hizo ni za kweli? Na hao Wamarekani hufanyaje?

Habari ni za kweli. Huko Marekani watoto wengi hupelekwa shule kwa basi, hasa watoto wa mashambani. Mabasi hayo yana rangi ya manjano. Rangi hiyo ilichaguliwa mwaka 1939, katika mkutano uliofanyika New York. Aliyeuitisha ni mwalimu wa chuo aitwaye Frank Cyr. Walitaka rangi inayoonekana upesi alfajiri, wakati jua halijatoka vizuri. Basi kubwa huchukua watoto 72 na hata zaidi. Likifanya kazi miaka 12 au 15 hivi, mara nyingi shule huliuza. Baadhi ya mabasi hayo hupelekwa nchi ya Guatemala. Huko hupakwa rangi za kila namna na kubeba abiria na mizigo yao. Wageni huyaita mabasi ya kuku. Mengine hununuliwa na watu wanaotaka nyumba inayotembea.

Hayo yalikwisha fanywa hata na wakulima. Mwaka 1970 mamia ya watu waliondoka mji wa San Francisco kwa msafara. Wengi walikuwa vijana. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mmoja, Stephen Gaskin. Walisafiri kwa mabasi ya shule na magari mengine, wakalala na kupika humo. Wanawake wengine walijifungua humo humo safarini. Mwaka 1971 walifika jimbo la Tennessee, karibu na mji mdogo wa Summertown, wakanunua shamba la ekari zipatazo 1,000. Mwanzoni hawakuwa na nyumba. Waliegesha mabasi msituni, wakakaa humo na katika mahema huku wakilima na kujenga. Mali yao ilikuwa ya wote mpaka mwaka 1983. Baada ya hapo kila mtu alianza kujitegemea. Kijiji chao kipo hata leo, lakini sasa watu hukaa katika nyumba za kawaida. Liangalieni vizuri jambo hilo. Kwao basi lilikuwa kibanda cha kuanzia.

Sasa, hufanyaje? Kwanza hutoa viti vyote. Kila kiti kimefungwa sakafuni kwa bolti, na bolti nyingi zimeshikwa na kutu. Ni kazi ya siku kadhaa, na mikono huuma. Baada ya viti hutoa zulia la mpira. Chini yake kuna mbao za plaiwudi. Chini ya mbao ndipo kuna bati lenyewe la sakafu.

Hapo ndipo watu hupata habari za basi lao. Kwa miaka mingi watoto wamepanda na viatu vilivyolowa. Maji yamepita katika matundu ya bolti, yakakaa chini ya mbao yasikauke. Juu zulia laonekana zima. Chini bati limekuwa jekundu, na pengine lamung'unyika kama mkate mkavu. Mkulima hawezi kulishangaa jambo hili. Gunia la mahindi lililowekwa juu ya sakafu yenye unyevu huoza chini kwanza, na juu lapendeza.

Kutu ya juu juu si hatari. Huikwangua kwa brashi ya waya, kisha hupaka rangi ya kuzuia kutu. Palipotoboka, hukata bati jipya na kulichomelea. Matundu ya bolti nayo ni mengi, na yote lazima yazibwe. Wengine huziba kila tundu kwa sarafu ya senti moja na gundi isiyopitisha maji, kwa sababu sarafu hiyo hulitosha tundu. Mimi nilipofahamu hivyo nilicheka, lakini dawa hiyo hufanya kazi. Kutu ikishika mihimili mikubwa ya chuma iliyo chini ya basi, hiyo si kazi ya brashi tena. Basi la namna hiyo huachwa.

Baada ya sakafu huja kuta na paa. Bati huota jasho. Watu wanne wakilala ndani usiku wa baridi, pumzi yao hugeuka maji juu ya bati na kuwadondokea. Kwa hiyo, baina ya bati la nje na mbao za ndani hujaza kitu kinachozuia baridi na joto, kama povu gumu. Kisha hutengeneza vitanda, meza, kabati na jiko. Siku hizi wengi huweka na paneli za sola juu ya paa. Kazi hizi sitazieleza zaidi. Fundi seremala yeyote mzuri anaweza kuzifanya.

Lakini kuna jambo la uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja. Pipa la lita 200 basi lina kilo 200, mbali na pipa lenyewe. Basi la shule lina mkia mrefu nyuma ya magurudumu. Mtu akiweka maji, jiko na kuni zote mkiani, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani haushiki vizuri. Wenye mikokoteni ya ng'ombe mnalijua jambo hilo. Ukirundika magunia yote nyuma, nira huinuka na kuwakaba ng'ombe. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na magurudumu, na hugawanywa kulia na kushoto.

Sheria nayo ipo. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtu akiligeuza basi la shule kuwa nyumba lazima abadilishe rangi yake ya manjano. Lazima pia aondoe zile taa nyekundu za kumulika na kibao cha kusimamisha magari. Sababu yake ni watoto. Taa hizo zikiwaka, magari mengine hutakiwa kusimama, ili watoto washuke salama. Mabasi yasiyo ya shule yakitembea na alama hizo, madereva watazizoea na kuacha kuzijali.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya jambo la moshi. Jambo hili huua, huko kwao na hapa kwetu.

Mkaa, kuni, gesi na mafuta vikiungua bila hewa ya kutosha, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Moshi waweza kuwa umekwisha, jiko likawa na makaa mekundu tu yanayopendeza, na sumu ikawa inaendelea kutoka. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huwa mlegevu. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Basi ni chumba chembamba chenye kuta za bati. Mkiziba kila tundu ili mbu na baridi visiingie, mmeifungia sumu pamoja nanyi.

Na sumu hiyo hutoka hata katika injini. Basi likinguruma limesimama, na sakafu ina matundu ya kutu, moshi wa ekzosi hupenya na kuingia ndani. Kwa sababu hiyo wale wanaoishi mabasini huziba sakafu kwa uangalifu mkubwa. Jiko la kuni hulitilia bomba linalotoka nje kupitia paa. Pia hutundika ukutani kifaa kidogo kinachopiga kelele sumu hiyo ikizidi. Mlango wa dharura ulio nyuma ya basi hawauzibi kwa kitanda. Moto ukitokea mbele, njia ya kutokea ni huo.

Kwa hiyo ninyi ndugu zangu wa mpunga, pikieni nje. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya basi hata mvua ikinyesha, hata kama mtoto asikia baridi. Mkiona watu wawili au watatu walio ndani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, msiseme ni malaria. Tokeni nje wote mara moja, kisha nendeni kwenye zahanati.

Mmeniuliza pia maoni yangu juu ya kununua. Faida ya basi ni kutembea. Kama basi hilo injini yake ni nzima, na lina breki, mwaweza kulipeleka shambani wakati wa mavuno na kulirudisha. Hapo kuna maana. Kama halitembei, mnanunua chumba cha bati. Saa nane mchana jua likiwa kali, chumba hicho hakikaliki. Na kulivuta mpaka shambani ni gharama nyingine. Kwa fedha hizo mimi ningefyatua matofali na kujenga banda lenye madirisha mapana.

Kabla ya kutoa arubuni, nendeni watu watatu, mmoja wenu awe fundi. Nendeni siku baada ya mvua. Waambieni waliwashe na kuliendesha mbele yenu. Ingieni chini na nyundo ndogo, mgonge mihimili. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti ya chini na kumwaga vumbi jekundu. Kisha ombeni ruhusa ya kuinua pembe moja ya zulia karibu na mlango, na pembe nyingine kule nyuma. Mwenye basi akikataa, rudini nyumbani na fedha zenu. Akikubali, niandikieni mmekuta nini chini yake.