Tone la Damu Kisiginoni

Watu wengi waliopata kusikia habari za Lorenzo Odone, mtoto aliyezaliwa mwaka 1978 na kugunduliwa mwaka 1984 kuwa ana maradhi ya adrenoleukodistrofi, huyakumbuka zaidi yale mafuta ya kumtibu ambayo wazazi wake, wasiokuwa matabibu, waliyatafuta kwa bidii isiyo kifani, hata habari zao zikatengenezewa filamu mwaka 1992. Bidii yao nauheshimu moyo ulioizaa. Lakini sifa za mafuta yale, kwa maoni yangu, zimelifunika jambo lililo kubwa zaidi.

Asili ya maradhi haya ni hitilafu ya jeni moja iliyomo katika kromosomu ya X, ambayo kwayo mwili hushindwa kuzivunja asidi za mafuta zenye minyororo mirefu mno, zikalimbikizana. Na kwa baadhi ya watoto wa kiume, aghalabu baina ya miaka 4 na 10, ule utando unaozifunika nyuzi za neva, ndio uipao sehemu nyeupe ya ubongo rangi yake, huharibika mfano wa waya wa umeme uliochunika mpira. Mtoto aliyekuwa hodari darasani huonekana mtundu na msahaulifu, huenda akaadhibiwa bure, kisha hupotewa na kusikia, na kuona, na kutembea, na kusema.

Lorenzo aliishi hadi mwaka 2008, kupita walivyokadiria matabibu, ila usemi wake haukurudi. Kupandikizwa uboho, ambako matabibu wa Ufaransa walitangaza kufaulu kwake mwaka 1990, huweza kuuzuia uharibifu huo, lakini sharti kufanywe mapema, maradhi yangali machanga. Ndiyo maana jimbo la New York, tangu mwisho wa mwaka 2013, hupima tone la damu ya kisigino cha kila mtoto mchanga, na serikali yoyote yenye uwezo haina udhuru wa kutofanya vivyo hivyo.

Pasipo na kipimo hicho, tabibu ampatapo mvulana mchovu, mwenye kutapika na ngozi inayozidi weusi, akathibitisha kuwa tezi zilizo juu ya figo, ambazo maradhi haya huzidhuru pia, zimedhoofika, asitosheke kwa kumpa homoni, bali aulize habari za wajomba zake, aipeleke damu yake ikapimwe asidi hizo, tena nduguze wa tumbo moja wapimwe nao, wangali wazima.