Fungu la chombo ni la chombo

Mgawo wa samaki katika pwani yetu una kanuni zake. Yakishatolewa mafuta, barafu na posho, kinachobaki hukatwa mafungu: la mabaharia, la nyavu, la chombo. Viwango hutofautiana kutoka Lamu hadi Tanga, kutoka Mafia hadi Kilwa, lakini fungu la chombo halikosekani. Tatizo ni kwamba mara nyingi tajiri, yaani mwenye chombo, hulitia mfukoni pamoja na lake. Injini ikizima, anaanza kukopa.

Sisi tunasema fungu hilo si faida. Ni pesa ya impela, filta, zinki na rangi ya chini, na iwekwe kando kabla mwenye chombo hajahesabu chake.

Suala hili limekuwa zito zaidi sasa kwa sababu boti za faiba zinagawiwa kwa mikopo nafuu, Bara na Visiwani. Mapema 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki jijini Mwanza. Zanzibar nayo imekuwa ikiwapa wavuvi na wakulima wa mwani boti zao. Tunaunga mkono. Tunachouliza ni nani ataitunza boti mwaka wa tatu, sherehe ikishasahaulika na marejesho yakiwa bado hayajaisha.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Dizeli ya madumu huja na maji na uchafu, na tangi likilala nusu tupu hutoa jasho kwa ndani. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini, na pale viwili hivyo vinapokutana huota vijidudu vinavyoacha utando mweusi. Bahari ikiwa shwari, utando umelala. Kusi likichachamaa tangi linasukwasukwa, uchafu unapanda, filta inaziba na injini inazima, huku mawimbi yakiwa ya ubavuni na mwamba upo upande wa chini ya upepo. Mabaharia husingizia hali ya hewa, kumbe shetani alikuwa ndani ya tangi tangu wiki iliyopita.

Kinga yake haihitaji uhandisi. Chuja kila dumu kabla ya kumimina. Funga filta ya kutenganisha maji, ile yenye kikombe cha kuonea, na ufungue koki yake kila asubuhi hadi yatoke mafuta matupu. Beba filta za akiba, na hakikisha chomboni yumo mtu anayejua kutoa upepo kwenye njia ya mafuta baada ya kubadilisha. Filta mpya mkononi mwa mtu asiyejua kutoa upepo ni sawa na kutokuwa nayo.

Impela ni kipande cha mpira kinachovuta maji ya bahari ya kupoza injini. Ikizunguka kavu kwa muda mfupi tu hukatika. Kwa injini ya ndani inayotoa maji pamoja na moshi, baharia achungulie bomba kila anapowasha: maji hayatoki, zima. Na ukifungua pampu ukakuta mbawa za mpira zimepungua, zitafute zilikokwenda, kwa kuwa vipande huenda kuziba kipozeo mbele ya safari.

Zinki ipo ili iliwe na chumvi badala ya propela na shafti. Ibadilishwe ikibaki nusu, na isipakwe rangi kamwe, ingawa mafundi wa kupaka rangi wanapenda kila kitu kifanane. (Ziwani zinki haifanyi kazi vizuri, maji baridi yanataka magnesi.)

Halafu kuna ngama, kule chini ya sakafu yanakokusanyika maji, mahali ambapo tajiri hafiki. Tundu la milimita 38 lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Hakuna baharia atakayeshindana nalo kwa ndoo. Koki zote za chini zifungwe na kufunguliwa mara kwa mara zisije zikakwama, na kando ya kila moja king'inizwe kwa kamba kizibo cha mti laini kinachotosha tundu lake. Maji ya ngama pia hukimbilia upande ambao chombo kimelalia, na boti iliyosheheni barafu na samaki haihitaji msukumo mwingi ili isiinuke tena.

Kuna imani kwamba faiba haina kazi. Wazee wa madau na mashua walikipandisha chombo wakati wa bamvua, wakakikwangua, wakakichoma chini kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, wakatia kalafati palipolegea na kupaka deheni. Kwa vile faiba hailiwi na wadudu, wenye boti wengi wameacha desturi yote, pamoja na ile sehemu inayowahusu. Majani na makombe yanayoganda chini huongeza mafuta kila safari, na nati zinazolegea kwenye koki hazionekani boti ikiwa majini. Bamvua bado linakuja mara mbili kwa mwezi, bila ada.

Matajiri wana hoja yao. Vipuri ni ghali, bandia vimejaa madukani, na mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, husubiri kipuri kivuke bahari kumfikia. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kununua kabla ya kuharibika. Wenye vyombo wa diko moja wangefanya vyema kukubaliana aina moja ya injini, na kikundi chao cha usimamizi wa uvuvi (BMU) kikaweka sanduku la pamoja la impela, mikanda, filta na zinki. Fundi mmoja anayeijua injini hiyo vizuri atatosha diko zima.

Wakaguzi wa vyombo, wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) huku na wa mamlaka ya bahari ya Kenya kule, wakishahesabu maboya na kuijaribu redio kwenye chaneli 16, wainue mbao za sakafu watazame koki. Nao wanaotoa mikopo waifungie boti mita ya saa za injini, waambatanishe sanduku la vipuri vya mwaka wa kwanza, na wadai daftari: saa zilizokwenda, oili iliyomwagwa, filta iliyobadilishwa, kiasi kilichowekwa kutoka fungu la chombo. Asiye na daftari hilo asipewe mkopo wa pili.